Seremala Mwenye Kishungi Chekundu

Mashariki mwa Marekani, kuanzia Maine hadi Florida, nyumba nyingi zimepakana na msitu, na wenyeji wake wengi wana jirani mmoja mwenye kelele: kigogota mkubwa mwenye kishungi chekundu, Dryocopus pileatus. Kwa urefu hufikia sentimita 40 hadi 49, wakati kigogota mkubwa kabisa wa Afrika Mashariki huishia kwenye 25 hivi. Ndege wa umbo hilo hahitaji kubahatishwa, na ndiyo maana wajuzi hawatambiani kwa kumwona. Wanatambiana kwa kuzijua kazi zake.

Kazi ya kwanza ya kukaguliwa ni shimo la kulia. Jamaa yake mmoja anayekula utomvu hutoboa vitundu vidogo vilivyojipanga safu kwa safu. Vigogota wadogo hudonoa gome juujuu tu. Huyu huchimba shimo la pembe nne, refu kuliko upana wake, wakati mwingine likipita sentimita 30, na kuzama hadi kwenye kiini cha mti. Mgeni huona uharibifu. Mjuzi huchungulia ndani kutafuta vijia laini vya chungu wakubwa weusi, wale wanaofanya makao katika mbao zilizoanza kuoza. Vikiwapo, ndege hakubahatisha: alichimba pale pale palipokuwa na chakula. Na kwa kuwa mti ulikwisha oza ndani kabla hajaufikia, wanaomlaumu kwamba ndiye aliyeuua humwonea.

Baada ya shimo, tazama chini. Vibanzi vyeupe, vikavu, vingine virefu kama kidole, ni vya juzijuzi. Vilivyogeuka rangi ya kijivu ni vya zamani, na kumngojea ndege kando yake na darubini ni kupoteza asubuhi. Wajuzi hasa hawaoni haya kuvunja kinyesi kwa kijiti: ndani yake hujaa vipande vya chungu.

Lakini kipimo cha ufundi wenyewe ni tundu la kiota. Hapo pembe nne hutoweka. Mlango huwa wa mviringo uliorefuka kidogo kwenda juu, upana wake ukiwa sentimita 9 hivi, na chumba hushuka ndani ya shina hata nusu mita. Dume ndiye hufanya sehemu kubwa ya kazi, na huchukua wiki kadhaa, kisha mwaka unaofuata jozi hiyo kwa kawaida huchimba lingine. Ubadhirifu huo una wanufaika wengi: bundi wadogo, mabata wa miti na kindi warukao huhamia kwenye matundu yaliyoachwa. Mwenye shamba anayekata kila mti uliokufa ili msitu wake upendeze anawafukuza wote kwa pamoja.

Kumtofautisha dume na jike ni rahisi: dume ana mstari mwekundu unaotoka kwenye mdomo kuelekea shavuni, na wekundu wa kichwa humfika hadi kipajini; mstari wa jike ni mweusi.

Sikio nalo lina mtihani wake. Kigogota anapotafuta chakula, mapigo huja machache, mazito, bila mpangilio. Anapotangaza eneo lake huchagua shina kavu linalovuma, hupiga takriban mara 15 kwa sekunde, na mwishoni mlio hufifia.

Mtihani mgumu kuliko yote uko kusini. Huko aliishi kigogota mwenye mdomo wa rangi ya pembe, mkubwa zaidi, ambaye mara ya mwisho kuonekana nchini humo bila ubishi ilikuwa mwaka 1944 huko Louisiana. Akiwa ametua, mbawa zake zilizokunjwa huonyesha weupe mwingi mgongoni. Yule wa kawaida ana mgongo mweusi. Wakiruka, yule mkubwa ana weupe kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ilhali wa kawaida ana weupe mbele, chini ya bawa. Video fupi yenye ukungu iliyopigwa Arkansas mwaka 2004 iligawanya wataalamu juu ya kingo hizo hizo. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilipotangaza spishi 21 kuwa zimetoweka, yule mwenye mdomo wa rangi ya pembe hakuwamo katika orodha.