Watega Sauti

Anayetaka kujua uzito wa kazi ya fundi wa sauti na aende Msuka, kisiwani Pemba, wakati wa kaskazi, achukue kipaza sauti kimoja, asimame ufukweni na ajaribu kumrekodi mtu mmoja tu anayeimba. Sikio la binadamu lina hekima ya kuchuja: humfuata mwimbaji na kuisahau bahari. Kipaza sauti hakina hekima hiyo. Hubeba kila kitu kwa uzani mmoja: wimbi, makuti ya minazi, injini ya boti, bodaboda inayokwenda Konde, jogoo wa nyumba ya tatu, na juu ya hayo mngurumo wa upepo unaokipiga chenyewe usoni. Mafundi hukivisha manyoya bandia ili upepo upotelee humo. Hata hivyo, kazi huwa ndiyo kwanza imeanza.

Watu wengi wanapozungumzia filamu ya bendi fulani huwataja waimbaji, mavazi, taa, pengine na mwongozaji. Fundi wa sauti hutajwa mwishoni, jina lake likipita kwa herufi ndogo wakati watazamaji wameshaanza kutafuta viatu. Hiyo si haki. Filamu ya muziki ikiwa na picha yenye ukungu bado inaweza kupendwa kwa miaka hamsini. Ikiwa na sauti mbovu haimalizi hata juma moja.

Mfano mzuri unatoka Italia. Katika kiangazi cha mwaka 1971, mwongozaji Adrian Maben alikuwa matembezini kwenye magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Akapoteza pasipoti yake. Jioni akarudi peke yake kuitafuta kwenye uwanja wa kale wa michezo, na pale, watalii wakiwa wameondoka, akausikia mwangwi wa kuta za mawe, wadudu na popo. Pasipoti hakuiona, lakini alipata wazo: kuileta bendi ya Pink Floyd kutoka Uingereza ipige muziki wake wa roki ya saikedeliki humo ndani, bila mtazamaji hata mmoja. Wakati huo filamu za muziki zilishindana kuonyesha umati, baada ya Woodstock iliyotoka mwaka 1970. Maben alitaka magofu matupu.

Bendi ilikubali kwa sharti moja: wasiigize kupiga vyombo huku wimbo wa studio ukichezwa pembeni. Walitaka wapige kwelikweli na warekodiwe kwelikweli. Sharti hilo ndilo lililoifanya filamu iwe kazi ya mafundi wa sauti kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Vyombo vilisafirishwa kwa lori kutoka London. Mwezi Oktoba kila kitu kikapangwa vumbini, swichi zikawashwa, na umeme haukutosha. Wakakaa wakisubiri mpaka kebo ndefu ilipovutwa kutoka mjini, ikapita barabarani na kuingia uwanjani. Siku za kurekodi zikapungua, ndiyo maana ni nyimbo tatu tu zilizopigwa Pompeii. Nyingine zilikamilishwa baadaye katika studio mjini Paris.

Mpemba hahitaji kuelezwa mara mbili habari ya kebo. Kabla ya mwaka 2010 kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na umeme ulipokuwa ukikatika, muziki nao ulikatika. Mwaka huo ndipo waya wa chini ya bahari, wenye urefu wa kilomita zipatazo 78, ulipoleta umeme kutoka Tanga. Harusi za taarabu za leo zenye spika ndefu kuliko mtu zinasimama juu ya waya huo.

Tukirudi Pompeii, yapo mambo ya nyuma ya pazia ambayo wapenzi wa filamu hiyo huyasimulia kama hadithi za mababu. Katika wimbo mmoja kamera inamng'ang'ania mpiga dramu, Nick Mason, karibu mwanzo hadi mwisho. Wengi walidhani ni ubunifu wa hali ya juu. Maben alieleza kwamba picha za wenzake zilipotea, akabaki na za Mason. Sauti ilikuwapo yote, na ndiyo iliyomwokoa. Miongoni mwa mafundi wa bendi alikuwapo Peter Watts, meneja wa safari na fundi wa sauti, baba wa mwigizaji Naomi Watts. Yupo pia mbwa, Mademoiselle Nobs, aliyebweka na kulia mbele ya kipaza sauti huko Paris akifuata kinanda cha mdomoni cha David Gilmour wa bendi hiyo.

Filamu ilionyeshwa kwanza Edinburgh mwaka 1972. Baadaye mamia ya makopo ya mikanda iliyobaki yaliteketezwa na ghala lililoyahifadhi huko Ufaransa, hasara ambayo Maben aliisikitikia sana. Mkanda halisi wa filamu yenyewe ulikuja kupatikana katika makopo matano, ukasafishwa, sauti ikachanganywa upya na mwanamuziki Steven Wilson, na mwaka 2025 ukarudi kwenye majumba ya sinema. Gilmour naye alirudi uwanjani pale Julai 2016 akapiga mbele ya watu. Ni nadra filamu ya watu wanne, mawe na mwangwi kuishi hivyo.

Kuna filamu nyingine ya bendi ya roki inayoigusa Zanzibar kwa karibu zaidi, nayo inafundisha upande wa pili wa ufundi huu. Tarehe 5 Septemba 1946, mjini Unguja, alizaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi Bulsara, mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Akasomeshwa India, akarudi, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Maisha yake yalitengenezewa filamu ya Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 2018. Zanzibar haionekani humo. Inatajwa tu familia ikizungumza.

Tatizo la mafundi hapa lilikuwa kinyume na la Pompeii. Maben alikuwa na mahali halisi akaondoa umati. Hawa hawakuwa na mahali wala umati, kwa sababu kilele cha filamu ni tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 katika uwanja wa Wembley, na uwanja ule wa zamani ulishabomolewa. Jukwaa likajengwa upya kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Bovingdon, hadi glasi zilizokuwa juu ya kinanda zikapangwa kama zilivyokuwa. Sehemu hiyo ngumu kuliko zote ndiyo iliyopigwa picha kwanza, waigizaji wakiwa hawajazoeana. Watu wa kujaza umati walirekodiwa kwa makundi, kisha kompyuta ikawazidisha hadi wakafikia makumi elfu.

Rami Malek, aliyeigiza Mercury, alivaa meno bandia, kwa kuwa Mercury alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele, na kocha Polly Bennett alimfundisha namna ya kugeuza shingo na kushika kipaza sauti. Haya yameandikwa sana. Lililo kubwa zaidi ni sauti. Kinachosikika katika filamu ni mchanganyiko wa rekodi za Mercury mwenyewe, sauti ya Malek, na ya mwimbaji Mkanada Marc Martel, vikashonwa pamoja hata pumzi moja isiachane na nyingine. Kwa ajili ya sehemu ya Smile, bendi iliyokuwapo kabla ya Queen, zama ambazo London nzima ilikuwa bado imelewa roki ya saikedeliki, Brian May na Roger Taylor wa Queen walimwita mwenzao wa zamani Tim Staffell, wakaingia studio ya Abbey Road, wakaupiga upya wimbo wao wa ujana.

Kisha ukaja umati. Picha ya watu elfu sabini isiyo na sauti ya watu elfu sabini ni karatasi. Mafundi walikwenda kwenye ukumbi wa O2 wa London, ambako Queen walikuwa wakipiga na mwimbaji Adam Lambert, wakatega vipaza sauti ukumbini na kuwarekodi mashabiki wakiimba na kupiga makofi. Tena wakacheza muziki wa filamu kwenye spika za ukumbi ule na kuurekodi upya ukiwa umeshazunguka hewani, umegonga kuta na kurudi. Mtazamaji hajui hayo. Anachojua ni kwamba nywele zimemsimama. Februari 2019 filamu ilipata tuzo nne za Oscar: moja ya Malek, moja ya mhariri John Ottman, na mbili za sauti. John Warhurst na Nina Hartstone walichukua ya uhariri wa sauti; Paul Massey, Tim Cavagin na John Casali ya uchanganyaji. Yafaa majina hayo yakaririwe.

Visiwani kwetu, filamu ya aina hii iliyofika mbali ni ile ya Andy Jones ya mwaka 2006 juu ya mwimbaji Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Sauti yake ya mkwaruzo, iliyojaa moshi na umri, ni mtihani kwa fundi yeyote: akiilainisha ameiua, akiiacha ipande hovyo itaumiza masikio. Ndani ya filamu ile anasikika kama alivyosikika ukumbini, na hiyo ni heshima kubwa aliyofanyiwa.

Pemba bado haijatendewa hivyo. Kirumbizi huchezwa, fimbo zikigongana juu ya ngoma na zumari. Mchezo wa ng'ombe una midundo yake. Msewe una wanaume waliofunga njuga za majani miguuni. Vyote vinarekodiwa kila msimu, lakini kwa simu iliyonyanyuliwa juu ya vichwa. Matokeo yake zumari linapasua spika, ngoma inakuwa kishindo kisicho na umbo, na mlio wa miguuni, ambao ndio roho ya msewe, haupo kabisa. Miaka mia kuanzia leo mtu atakayetazama picha hizo ataona wachezaji wakirusha miguu bila kujua kwa nini.

Kazi hii haihitaji Abbey Road. Inahitaji vijana watatu au wanne wa Micheweni, wenye masikio, waliofundishwa mambo machache yenye uhakika. Kipaza sauti cha msewe kiwekwe chini, karibu na ardhi, mahali miguu inapokanyaga. Cha zumari kikae mbali na ubavuni, kwa kuwa zumari halihitaji msaada. Ngoma zipewe cha peke yake, na kingine kiachwe kwa watazamaji wanaoitikia na kushangilia, kwani bila wao ngoma ya Pemba haijakamilika. Jenereta, kama lipo, lipelekwe upande ambao upepo unaelekea. Kabla ya yote, fundi akae dakika tano bila kurekodi chochote, asikilize uwanja wenyewe, halafu ndipo aamue pa kusimama.