Fundi Anayehesabu kwa Sauti

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inamfaa muuza embe. Embe unaliona, unalibonyeza, unalinusa; likitokea bovu, hasara yake ni ya siku moja. Umeme wa nyumba hauna bahati hiyo. Mabomba yakishalazwa ukutani, nyaya zikapitishwa, plasta ikapigwa na rangi ikapakwa, kazi ya hodari na ya mbabaishaji zinafanana: soketi nyeupe, swichi nyeupe, taa inawaka. Tofauti imezikwa, na itafukuka siku soketi ya jikoni itakapoanza kunuka plastiki iliyoungua. Kwa hiyo fundi mzuri akikaa kimya akingoja kazi imsemee, atangoja sana. Lazima ajieleze, na wapo wanaojieleza kwa ustadi ninaouheshimu sawa na ule wa mikono yao.

Nenda kwenye nyumba yoyote ya Goba au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, iliyokwisha kupauliwa lakini haijapigwa plasta. Huo ndio wakati mafundi umeme wanapoitwa kuja kuangalia kazi. Wa kwanza anazungusha macho sebuleni, anasema, "Kazi ndogo hii mama, usijali, tutaelewana," kisha anataja bei ya jumla. Mwenye nyumba anabaki na tarakimu mkononi, hajui inanunua nini. Wa pili anasimulia hoteli alizofanya na maghorofa aliyopanda. Huenda yote ni kweli, ila nyumba hii haikutajwa hata mara moja.

Wa tatu ana kipande cha chaki mfukoni. Anaamkia, anaomba kuzungushwa, na swali lake la kwanza halihusu umeme kabisa: "Mama, kitanda utakiweka ukuta upi?"

Swali hilo nimelitafakari kila ninapolisikia. Mama hakuwa amefikiria kitanda. Alikuwa anafikiria saruji na mbao zilizobaki deni. Ghafla chumba kisicho na hata dirisha kina kitanda, kina mtu aliyelala, kina simu inayohitaji kuchajiwa. Fundi anachora alama mbili za soketi, kushoto na kulia ya kitanda hicho ambacho hakipo, halafu nyingine juu kidogo: swichi ya pili ya taa ileile inayowashwa mlangoni, ili mtu aingie akiiwasha na alale akiizima bila kunyanyuka. Hajasema kwamba yeye ni mzoefu. Hana haja.

Mlangoni anauliza mlango utafungukia upande gani. Fremu ipo lakini mlango wenyewe haujaja, na nyumba nyingi zina swichi iliyojificha nyuma ya mlango kwa sababu swali hili halikuulizwa. Jikoni anauliza mama atapikia gesi au umeme, na kama kuna friza itakayokuja baadaye. Bafuni anauliza habari za hita ya maji. Hapa ndipo ufundi wenyewe unapoanza kuonekana kupitia maneno. "Taa tunatumia waya wa moja na nusu, soketi mbili na nusu. Jiko la umeme lina waya wake wa sita, unatoka moja kwa moja kwenye breka yake. Ukilibebesha jiko ile mbili na nusu, waya utapata joto humo ndani ya ukuta na wewe hutauona." Namba hizo ni milimita za mraba za shaba, lakini hamlazimishi mama ajue hilo. Amempa sababu anayoweza kuirudia kwa mumewe jioni, au kuitumia kumpima fundi atakayekuja kesho.

Na muda wote anahesabu. Mafundi wetu hutoza kwa pointi: kila taa pointi, kila soketi pointi, na kadhalika. Wengi huhesabu kimoyomoyo. Huyu anahesabu kwa sauti, chaki ikigusa ukuta, na wakifika varanda mama naye anahesabu pamoja naye. Tuseme zimetoka 52. Bei ya pointi moja ikitajwa, mama anafungua simu na kuzidisha mwenyewe. Jumla inayotokea huenda ni kubwa kuliko ya yule wa kwanza, lakini ameipata kwa kidole chake, na kila sehemu yake ameiona ukutani.

Baada ya hapo anataja ambayo hayamo. Sehemu hii wengi huikwepa kwa kuogopa kumkimbiza mteja, nami naona ndiyo inayompa mteja utulivu. "Bei hii ni ya ufundi. Vifaa utanunua mwenyewe, nitakuandikia orodha. Kutindua kuta nimo. Kuziba mitaro ni kazi ya fundi wako wa plasta. Ada ya TANESCO ya kuunganishiwa umeme haimo." Orodha ya vifaa ina maana yake katika mji ambao kila mwenye nyumba ana kisa cha fundi aliyekula cha juu dukani. Ikiandikwa saizi ya waya, idadi ya mabomba na aina ya breka, mama anaweza kuipeleka Kariakoo, akauliza maduka matatu, na asimwonee shaka mtu. Malipo nayo yamegawanywa: mabomba yakishalala, nyaya zikishapita, umeme ukishawaka. Kianzio kikubwa hakihitajiki, na hofu ya fundi kutoweka nacho na kuzima simu inakwisha bila kutajwa.

Uthibitisho unakuja mwisho na unachukua dakika moja. Leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anaitoa kabla hajaulizwa. Ni jambo la kuangalia kwa makini, maana mama atapaswa kujua kama jina lililo kwenye leseni ndilo la mtu atakayeshika bisibisi. Wako mafundi wengi waliojifunzia mtaani kwa kumbebea mwenzao ngazi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimishia ujuzi wao. Hakuna aibu kupitia njia hiyo. Kisha anafungua simu kwenye picha. Si za taa za mapambo wala dari ya jipsam yenye rangi tatu. Ni kuta mbichi zilizotinduliwa, mabomba yamelala wima, na tepu ya kupimia imenyooshwa kando yake kuonyesha bomba liko umbali gani kutoka kona. Kila nyumba anaipiga picha hivyo kabla ya plasta na kumwachia mwenye nyumba. Miaka mitano baadaye, akitaka kutoboa ukuta atundike televisheni, atajua pa kutopitisha msumari. Sijaona tangazo lililoshindana na picha hizo mbaya.

Lipo pia neno hapana. Mama akigusia kwamba kijana wake anataka kufungua karakana ya kuchomelea uani, fundi anasema umeme wa njia tatu si kazi yake, anamwelekeza kwa anayeufanya. Amepoteza vipande vichache vya fedha hapo. Nyumba nzima, nadhani, ameipata.

Jioni anatuma ujumbe mfupi wa WhatsApp, usio na salamu ndefu wala mikono iliyokunjwa: pointi 52, bei ya kila moja, jumla, kilichomo, kisichomo, awamu tatu za malipo, siku anayoweza kuanza. Mtu asiyekuwepo saitini anaweza kuusoma na kuelewa.

Hapo mama anajibu kama tunavyojibu sote: "Punguza kidogo fundi." Wa kwanza angekata theluthi papo hapo, na kukiri kwamba theluthi hiyo ilikuwa ya hewa. Huyu anaandika: "Bei ya pointi siwezi kushusha mama, ila tunaweza kupunguza pointi. Varanda ya nyuma ina taa tatu, mbili zinatosha. Soketi ya korido unaweza kuiacha. Za chumbani na jikoni nakushauri usiguse." Mama anarudi kwenye nyumba kesho yake asubuhi, peke yake, kuamua ni alama zipi azifute.