Katharine Hepburn Kwenye Mto Wetu

Maji ya Lubudi huingia Lualaba, na huko chini, upande wa Ponthierville, leo Ubundu, ndiko sehemu ya sinema The African Queen ilikopigwa mwaka 1951. Katharine Hepburn, Mwamerika, alipata zawadi ya Oscar mara nne, kwa sinema za 1933, 1967, 1968 na 1981. Kwa hii hakupata, ingawa aliicheza akiugua kuhara.

Sisi tunaiona miongoni mwa kazi zake bora. Yule Rose, dada wa mmisionari Mprotestanti, anapiga kinanda jasho likimtoka, nasi tunamwamini kabisa. Lakini waumini wake! Wanaguna tu. Katekista wao yuko wapi? Tangu lini misioni ikawa na kinanda, isiwe na mtu wa kufundisha nyimbo?