Kupunguza Uzito wa Bunduki ya Urithi: Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi

Bunduki ya kuwindia iliyopunguzwa uzito kwa ustadi haijulikani kwa kutazamwa ukutani. Umbo ni lilelile alilolizoea babu, maandishi ya kiwanda yamebaki makali, na tofauti huanza kujulikana begani baada ya saa kadhaa za kupanda mlima. Anayeikagua kazi ya namna hiyo haanzi kwa kuuliza gramu ngapi zimepungua. Huuliza zimetoka wapi, na kama zinaweza kurudishwa.

Bunduki zinazoletwa zaidi kwa mafundi kwa shughuli hii ni za bolti, za ukoo wa Mauser. Bunduki ya jeshi la Ujerumani iliyopitishwa mwaka 1898, kwa usanifu wa Paul Mauser, ilikuwa na uzito wa kilo 4.1 hivi, na mtambo wake ukawa msingi wa bunduki nyingi za uwindaji barani Ulaya. W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda, alisifika kwa kutumia .275 Rigby, bunduki nyepesi ya Kiingereza iliyojengwa juu ya mtambo huohuo. Huko Marekani, Winchester ilitoa Model 70 mwaka 1936, kisha mwaka 1952 ikaleta toleo lake jepesi, Featherweight. Bunduki ya kawaida ya aina hiyo ilikaribia kilo 3.6, nyepesi ilishuka hadi kilo 3 hivi. Kiwanda kilifupisha na kukondesha mtutu, kikaweka alumini penye chuma cha kuzunguka triga, na kupunguza mbao. Mkaguzi aliyewahi kuifungua moja kati ya hizo ana kipimo kizuri cha kulinganishia kazi za mafundi wengine.

Uzito ukipungua, teke huongezeka. Kani ya msukumo inayotoka kwenye risasi na gesi haibadiliki, kwa hiyo bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa kasi zaidi. Ikishuka kutoka kilo 3.6 hadi 3.0 kwa risasi ileile, nishati ya teke hupanda kwa asilimia 20. Kwa risasi ya milimita 7 ya wastani mwindaji huvumilia. Kwa risasi kubwa za nyati hatavumilia, na fundi mwaminifu huikataa kazi hiyo mapema.

Mahali pa kwanza pa kupunguza si kwenye bunduki yenyewe. Darubini kubwa hufika gramu 600 na zaidi, ilhali nyingine inayotosha kabisa porini ina gramu 350. Vishikizo vya chuma vya darubini na mkanda mzito wa ngozi huongeza tena. Fundi aliyeanza hapo ameonyesha akili kabla ya kushika patasi, kwa sababu kila alichokibadilisha kinafunguliwa kwa bisibisi. Chuma cha kuzunguka triga na kifuniko cha magazini huingia kundi hilohilo: cha alumini ni chepesi kwa takriban theluthi mbili, na cha asili hufungwa kwenye kitambaa chenye mafuta na kurudi kwa mwenye mali.

Baada ya hapo ni mbao, na hapa ndipo ustadi hujionyesha wazi. Mjozi, mti unaopendwa zaidi kwa bunduki, ni mwepesi ukilinganishwa na chuma, hivyo hata kazi kubwa ya patasi huleta gramu chache. Matundu matatu ya kipenyo cha sentimita 2, yenye kina cha sentimita 12 ndani ya kitako, huondoa gramu 70 tu. Mkaguzi huhakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, hufungua bamba la kitako na kumulika ndani kwa tochi. Matundu mazuri hufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, hayakutani, na yameacha ukuta mnene pande zote, hasa karibu na skrubu za bamba. Ndani mwake mmepakwa mafuta au vanishi hadi chini, kwani ncha za nyuzi zilizo wazi hunywa unyevu na mbao hupinda. Tundu lililoachwa kavu, lenye vumbi la keekee bado limeng'ang'ania pembeni, ni dalili kwamba hata yale yasiyofikiwa na tochi yalifanywa hivyohivyo.

Mfereji wa mtutu nao hustahili kupunguzwa, maana haudhuru sura ya nje. Shingo ya mbao, pale mkono unaposhika nyuma ya triga, isiguswe. Huko ndiko bunduki nyingi za zamani zilikovunjika. Vivyo hivyo kwa mbao iliyo nyuma ya gingi la chuma chini ya mwili wa bunduki, ambalo ndilo linalopokea teke. Mbao ikikonda hapo, ufa huanza kidogo kidogo na hugunduliwa umeshafika mbali. Nakshi ya vialmasi kwenye mshiko ikionekana imefifia au mistari yake haikutani, mbao imepigwa msasa kwa nje, na thamani ya bunduki imepotea pamoja na vumbi hilo.

Mwenye kutaka nafuu kubwa hufanya vyema kuihifadhi mbao ya asili na kutengenezewa nyingine ya nyuzi za kaboni. Mbao ya mjozi yenye karibu kilo 1 hupisha ya gramu 600 hivi. Wapo wanaoona uso wa bunduki umepotea, na wana haki. Lakini mjukuu atakayeipenda ya asili ataikuta nzima.

Mtutu ni suala la mwisho na zito kuliko yote, kwa kuwa chuma kilichokatwa hakirudi. Kuukata kwa sentimita 5 mtutu mwembamba wenye unene wa milimita 16 huondoa gramu 60 hivi, pungufu kuliko watu wengi wanavyodhani. Hata hivyo gramu hizo ziko mbali, mdomoni, na athari yake kwenye mizani ya bunduki ni kubwa. Zikitoka, kitovu cha uzito hurudi nyuma kwa karibu sentimita 1. Zikitoka gramu 70 kitakoni, kitovu husogea mbele kwa milimita 7 hivi. Fundi anayejua kazi yake hufanya mambo haya mawili kwa pamoja, moja likifidia jingine. Bunduki ikiwekwa juu ya kidole karibu na skrubu ya mbele ya magazini inapaswa kukaa, au kuinama mbele kidogo tu.

Mdomo uliokatwa hukaguliwa kwa pamba. Ikipitishwa kutoka ndani kuelekea nje kila upande, uzi mmoja ukinasa, kuna ukucha wa chuma, na risasi itapotoka. Kilenga cha mbele kikirudishwa lazima kisimame wima, na urefu wake uendane na mtutu mpya. Ikiwa mtutu umebeba jina na anwani ya mtengenezaji, herufi zisizunguke pembe kwa kusuguliwa.

Mwili wa chuma hauguswi kabisa. Mauser za zamani ni za chuma laini kilichoimarishwa kwa ngozi ngumu ya nje tu; tupa ikiivuka, kilichobaki ni ulaini unaobeba shinikizo la baruti. Nchini Uingereza, ambako nyumba za majaribio za London na Birmingham hupiga mihuri yao kwenye mitutu, bunduki iliyodhoofishwa haiuzwi hadi ijaribiwe upya, na mkaguzi hutafuta mihuri hiyo kabla ya kuamini maneno ya fundi.

Bunduki iliyokamilika hupimwa tena kwenye mizani, kisha hupigwa risasi kadhaa mtutu ukiwa baridi na ukiwa moto. Vishimo vikihama kadiri mtutu unavyopata joto, karatasi nyembamba huteleshwa kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, mfereji umeachwa na kijiti kinachosukuma. Mwenye mali hukabidhiwa hati yenye uzito wa kabla na baada, sehemu zilizobadilishwa, na kifurushi cha sehemu za asili zote.