Baba Yuko Mbali, Mama Yuko Ufukweni

Mwaka jana, mwezi wa saba, dada yangu alinipigia simu kutoka Nyegina. "Kaka, huyu mtoto anataka mtumbwi. Peke yake. Baba yake yuko kambini Ukerewe, nimemwuliza, kanijibu kwa meseji: mwache aende. Sasa wewe msomi unasemaje?"

Mtoto ana miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa Dar, na mezani kwangu palikuwa na kitabu kinachoanza na jambo hilo hilo. Nikacheka. Dada hakucheka.

Kitabu ni Swallows and Amazons cha Mwingereza Arthur Ransome, kilichotoka mwaka 1930. Ransome alikuwa mwandishi wa habari, aliripoti mapinduzi ya Urusi kabla hajageukia hadithi za watoto. Humu watoto wanne, John, Susan, Titty na Roger, wanaomba ruhusa ya kwenda na mashua ya tanga hadi kisiwa kilicho katikati ya ziwa, walale huko bila mtu mzima. Roger, kitinda mimba wa safari hiyo, ana miaka saba na hata kuogelea bado hajajua. Baba yao ni mwanamaji, yuko mbali kikazi. Anajibu kwa telegramu ya maneno machache ambayo, kwa ufupi, inasema kwamba mwenye akili hatazama, na mjinga akizama si hasara kubwa.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki hukumbuka hiyo telegramu. Hata mimi ndiyo niliyomtajia dada, nikidhani nimesema jambo la maana. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Huyo baba hajawahi kupokea maiti mwaloni."

Nikakata simu nikiwa nimenywea, maana alikuwa amekisoma kitabu vizuri kuliko mimi, na hajawahi kukiona. Udhaifu wake mkubwa ni huo. Ziwa la Ransome lina upepo, lina miamba, lina giza, lakini halina makaburi. Sisi wa ziwa hili hatuwezi kuandika hivyo. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Ukara Septemba 20, 2018, wakafa zaidi ya watu 200. Lakini ngoja kwanza. Vyombo vyote viwili viliendeshwa na watu wazima. Mtu mzima kuwemo chomboni, peke yake, si kinga.

Nikataka kusikia upande wetu unasemaje, nikarudi kwa Aniceti Kitereza, mzee wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mume na mke wanahangaika miaka mingi kutafuta mtoto. Wanapompata, wanamwita Ntulanalwo, jina lenye maana ya mtu anayeishi na kifo siku zote. Binti anayefuata ni Bulihwali, yaani huzuni itakwisha lini.

Weka majina hayo kando ya telegramu ile. Baba wa Kiingereza anaruhusu kana kwamba kifo ni mzaha wa mezani. Mzazi wa Kikerewe amekitia kifo kwenye jina la mtoto ili asikisahau anapomwita aje kula. Hisia zangu zote ziko kwa Kitereza. Ila ukisoma kwa hofu hiyo tu, mtoto wa ziwani hatagusa maji mpaka aote ndevu, na siku atakapoyagusa atakuwa mgeni.

Mwezi wa nane nilikwenda nyumbani. Jioni tulikaa juu ya yale mawe makubwa, nikawa namsomea mpwa wangu huku natafsiri papo hapo. Alipenda tanga, alipenda vita vya mashua mbili. Watoto walipowaita watu wazima wote "wenyeji", kama wavumbuzi waliofika nchi ya mbali, alishangaa: "Mjomba, si wenyeji ni wale wanaokaa hapo?" Nikamwambia ndivyo, na kwamba mchezo huo una historia ndefu hata huku kwetu. Halafu akauliza lililonishinda: "Baba yao alijuaje kama wanajua?"

Nilirudia kurasa usiku huo. Jibu ni kwamba baba hakujua. Aliyejua ni mama. Yeye mwenyewe aliendesha mashua tangu utotoni, na ndiye anayepiga makasia hadi kisiwani kuwatazama. Halafu kuna maziwa. Kila asubuhi watoto lazima waende kuyachukua kwenye shamba la jirani, na hivyo kila asubuhi kuna mtu mzima anayewaona wako hai. Ransome halipigii debe jambo hili, analipitisha kama habari ya chakula. Nami ndipo ninapomheshimu. Hata John anapokosea kwa kusafiri usiku, anakwenda kumwambia mama mwenyewe, bila kukamatwa. Telegramu ndiyo iliyopata sifa, na kazi yote ikafanywa na mama.

Lipo tofauti jingine ambalo kitabu hakiwezi kulijua. Watoto wale wako likizo. Kwetu mtoto akiingia mtumbwini mara nyingi anafuata dagaa, na hakuna aliyemwuliza kama anataka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, lakini njaa haisomi sheria. Ndiyo maana ombi la mpwa wangu lilinigusa. Alikuwa anaomba mchezo.

Dada akaamua mwenyewe. Asubuhi tu, kabla upepo wa mchana haujaingia. Jaketi okozi kifuani, kopo la kuchotea maji lisisahaulike, na asivuke mwamba unaoonekana kutoka mwaloni. Akabeba dagaa wake wa kuanika, akaenda kuketi pale ufukweni.

Mtoto alipiga kafi akaenda, akafika kwenye mwamba, akageuza. Kama dakika ishirini hivi. Dagaa wa siku ile walianikwa vibaya, wamerundikana upande mmoja. Dada hakuwa anawatazama.