Wajumbe wa Kusadikika: Kukisoma Upya Kitabu cha Shaaban Robert

Wanafunzi wetu wengi walikisoma Kusadikika wakiwa shule ya sekondari, wakatoka na fundisho kwamba mtawala mwema ni yule asikiaye. Nasi wahubiri tumelichukua fundisho hilo mimbarani, tukalifunga na Warumi 13, tukaketi. Twadhani kitabu hiki ni kikali zaidi ya hivyo, na pia kina upungufu ambao hatujauzungumza vya kutosha.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na mji wa Tanga, akaanza kuitumikia serikali ya kikoloni mwaka 1926. Kitabu kilipochapishwa mwaka 1951 alikuwa bado mtumishi wake. Kwa hiyo aliyetunga habari za nchi ielealo angani hakuwa mtu wa kuchungulia ofisi dirishani. Alikuwa ndani, mezani, penye majalada.

Kisa chajulikana. Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Badala ya kuitetea nafsi yake, awatetea wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mashauri ya manufaa, kisha wakatiwa gerezani. Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu. Kusadikika haikukosa maarifa. Iliyakusanya, tena kwa taabu kubwa. Ilichokosa ni mtu awezaye kupokea taarifa bila kuiona kuwa ni tusi. Siku hizi kila mpango wa kurekebisha utumishi wa umma huanza na semina na wataalamu, kana kwamba tatizo ni kutojua. Karani wa Tanga asema taarifa ilikwisha kuletwa, ila aliyeileta ndiye aliyefungwa. Na jina la mshtaki si la bahati: Luther alimweleza mwenye dhambi kuwa ni mtu aliyejipinda kuielekea nafsi yake, na ofisi yaweza kujipinda vivyo hivyo.

(Kwa upande wa usanii, wajumbe wote wasema kwa sauti moja, ambayo ni sauti ya Karama. Msomaji huchoka kabla ya kumfikia wa sita.)

Upungufu tunaousema umo katika mwisho. Mfalme aguswa na maneno ya Karama, naye na wajumbe wawekwa huru. Lakini mlango ulioufunga ndio huo huo uliofungua. Raia wapo kama wasikilizaji tu. Hakuna mkulima wala mjane aulizwaye yaliyompata. Hatumlaumu mwandishi, aliyeandika chini ya utawala wa kigeni. Twasema tu kwamba baada ya uhuru tuliuiga mwisho wake. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilipokea malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi na watumishi wa umma, jambo la heshima kubwa. Hata hivyo, matokeo ya uchunguzi wake yalipelekwa kwa Rais, naye ndiye aliyeamua. Mjumbe hakufungwa tena, lakini sikio lilibaki moja. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Pwani hiyo hiyo aliyozaliwa mwandishi imetupa mfano mwingine. Kuanzia mwaka 1994 halmashauri za Tanga, Muheza na Pangani ziliendesha mpango wa hifadhi ya pwani, kwa msaada wa Ireland na shirika la IUCN. Katika vijiji kama Kigombe na Kipumbwi wavuvi waliulizwa kwanza shida zao. Walitaja uvuvi wa baruti na kukatwa kwa mikoko, wakashiriki kuweka kanuni, wakaingia doria. Hapa raia alisema, jambo ambalo Kusadikika haikulifikia. Lakini mpango ulikwisha mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata milipuko ilisikika tena baharini kwa wingi. Mvuvi amtajaye mlipuaji ahitaji polisi atakayefika na mahakama itakayohukumu; pasipo hayo amejihatarisha bure. Luther, alipoandika juu ya mamlaka ya dunia mwaka 1523, hakumtenga mtawala mtumishi na mtawala mwenye upanga. Vivyo hivyo Paulo: katika Warumi 13:4 neno diakonos na neno la upanga yamo katika aya moja. Tumezoea kuhubiri upanga kwa raia na kumwachia mtawala heshima ya utumishi. Aya yenyewe yampa mtawala yote mawili kuwa ni kazi.

Na tusiiangalie serikali peke yake. Tumemwona mwinjilisti aliyeandika kwa uaminifu habari za fedha za usharika, na muda si mrefu akapokea barua ya uhamisho kwenda mtaa wa mbali. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake.