Urithi wa Jina na Urithi wa Kazi: Uhakiki Linganishi wa Vizazi vya Datsun Z kwa Kigezo cha Barabara za Bukoba na Muleba

Wahakiki wengi wanaolinganisha vizazi vya gari moja la spoti huanza na jedwali: nguvu za injini, uzito, mwendo wa juu kabisa, na sekunde zinazohitajika ili gari lililosimama lifikie kilomita 100 kwa saa. Jedwali hilo lina manufaa yake, ila lina dosari ya msingi. Ndani yake kila kizazi kipya humshinda mzazi wake, na hivyo hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla hoja haijasemwa. Makala hii inapinga utaratibu huo. Inahakiki vizazi saba vya gari la Nissan lijulikanalo kwa herufi Z, tangu lile lililozinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z na kuuzwa ng'ambo kwa jina la Datsun 240Z, hadi Z ya mwaka 2022. Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: mtoto amerithi nini kwa mzazi wake? Amerithi jina, amerithi sura, au amerithi kazi?

Kigezo kilichochaguliwa ni barabara za Bukoba na Muleba, na uteuzi huo unahitaji kutetewa. Mwanazuoni mmoja anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, gari la spoti lina uhusiano gani na mkoa ambao abiria wake hupakiwa katika Hiace na Probox. Jibu la kwanza ni la kihistoria. Sifa ya Z ya kwanza katika mashindano makubwa ya dunia ilijengwa Afrika Mashariki, katika mbio za Safari, ambazo tangu 1953 zilianzishwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilikuwa mbio za udongo mwekundu, matope, mito iliyofurika na giza la usiku. Jibu la pili ni la kijiografia. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake ni wa aina ileile iliyokuwa ikiwatoa madereva wa Safari machozi. Leo barabara kuu itokayo Mutukula kupitia Kyaka, Bukoba, Muhutwe na Muleba kwenda Biharamulo ina lami. Lakini ukiiacha hatua chache tu, ukaingia vijijini msimu wa masika, utakutana na aina ya barabara iliyompa gari huyu heshima yake. Kama kuna mahali ambapo Z ya kwanza ingeeleweka bila kufafanuliwa, ni hapa.

Uhakiki unatumia istilahi zilizozoeleka za fani na maudhui. Fani ya gari ni umbo lake, mpangilio wa injini na magurudumu, uzito na mizani yake. Maudhui yake ni kazi ambayo gari hilo linadai kuweza kuifanya. Kazi ya sanaa hufaulu pale ambapo viwili hivyo havitengani, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa 240Z. Timu ya usanifu iliyoongozwa na Yoshihiko Matsuo ililipa boneti ndefu, paa linaloteremka taratibu hadi nyuma, na viti viwili tu. Ndani ya boneti hiyo kulikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita 2,393, iliyolishwa na kabureta mbili na kutoa takribani nguvu za farasi 151. Gari zima lilikuwa na uzito unaozidi tani moja kwa kidogo sana. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa milimita 2,305. Jambo lenye uzito zaidi kwa hoja yetu ni kwamba kila gurudumu, la mbele na la nyuma, lilikuwa na springi na shokapu yake lenyewe. Gurudumu moja likitumbukia shimoni, jingine halikulazimika kulifuata.

Hapa fani inaeleza maudhui. Injini ndefu ndiyo iliyolazimisha boneti ndefu. Urembo uliofuata ni tunda la lazima hiyo. Lakini uhakiki wa haki lazima useme pia kasoro. Dereva wa 240Z ameketi nyuma sana, karibu na ekseli ya nyuma, na boneti ile nzuri humficha kipande cha barabara kilicho mbele ya magurudumu. Juu ya lami hilo halina madhara. Juu ya barabara iliyochimbwa na maji ya mvua, dereva huliona shimo likiwa mbali, kisha likampotea wakati hasa anapolihitaji. Aliyeshinda kwa gari hili aliendesha kwa kukumbuka kile alichokiona sekunde mbili zilizopita.

Na walioshinda walikuwapo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliipa 240Z ushindi wake wa kwanza wa Safari, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta alishinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, na familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Ushindi wa 1973 aliupata akiwa mkimbizi wa jana.

Alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na hapa ndipo hoja kuu ya makala hii inapoanzia. Katika ushindi huo wote wa pili hakuendesha Z. Aliendesha Datsun 160J, yaani Violet, gari la familia lenye umbo la sanduku, ambalo hakuna kijana aliyewahi kubandika picha yake ukutani. Ushindi wa kwanza kati ya hiyo minne ulipatikana Aprili 1979, mwezi uleule ambao Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Kwa msomaji wa Kagera tarehe hiyo haiwezi kupita hivihivi: miezi michache kabla, daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na majeshi ya mtu yuleyule aliyemfukuza Mehta, na katika mwaka huohuo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaanza kuitwa Kagera. Huo ni mchepuko kutoka katika mada ya magari, lakini si mrefu kama unavyoonekana.

Kwa hiyo kufikia 1979 ukoo huu ulikuwa umekwisha kugawanyika. Jina la Z lilikwenda upande mmoja, kazi ya Z ikaenda upande mwingine. Majedwali ya vizazi hufuata jina na kuisahau kazi.

Mkulima wa migomba wa Kamachumu au Nshamba anaweza kutusaidia kuielewa tofauti hii. Katika kibanja kilichotunzwa vizuri, kila shina huachiwa mama, binti na mjukuu. Machipukizi mengine hung'olewa. Binti hutoka katika tunguu la mama, na kwa sababu hiyo hubeba asili yake hata akinyauka. Lakini shina likifa kwa maradhi, mwenye kibanja huchimba shimo palepale na kupanda mche ulioletwa kutoka kwingine. Anayepita njiani ataona mgomba mahali pale pale penye mgomba. Mwenye kibanja anajua kwamba huyu si binti. Uhakiki wa vizazi vya gari unapaswa kuwa na jicho la mwenye kibanja.

Kwa jicho hilo, 260Z ya mwaka 1974 na 280Z iliyofuata katika soko la Marekani bado ni mgomba uleule, ulioongezwa ujazo wa injini ili kufidia kile ambacho sheria za moshi wa magari zilikuwa zikipunguza. Hadi S30, kama kizazi hicho cha kwanza kinavyoitwa kwa msimbo wa kiwandani, ilipofikia kikomo mwaka 1978, magari zaidi ya 500,000 yalikuwa yameuzwa, na mengi yalikwenda Marekani. Takwimu hiyo ndiyo iliyoamua mustakabali. Hadhira ilikuwa imebadilika. Mtunzi aliyeanza kuandika kwa ajili ya msomaji mmoja sasa alikuwa na msomaji mwingine, tajiri zaidi na mwenye safari ndefu za barabara kuu zilizonyooka.

280ZX ya mwaka 1978 ni matokeo ya badiliko hilo. Wapenzi wa Z huiita usaliti: imenenepa, ina mazulia, na vipande vya paa vya kuondoa jua likiwaka. Makala hii haikubaliani nao kikamilifu. 280ZX ni kazi inayoijua hadhira yake na inayoitendea kwa uaminifu. Ubaya wake ni kwamba maudhui yamehama huku fani ikiendelea kuvaa nguo za marehemu. Boneti ni ndefu, mkia ni uleule, lakini kazi ambayo mistari hiyo iliieleza haipo tena. Mpangilio wa springi za nyuma ulibadilishwa, ukafuata utulivu wa abiria. Hii ni fani bila maudhui yake, jambo ambalo mhakiki wa ushairi hulifahamu anapokutana na utenzi wenye vina kamili usiosema kitu. 300ZX ya mwaka 1983 iliweka injini ya silinda sita za umbo la V mahali pa ile ya mstari, na zaidi ya hapo haina mengi ya kutukalisha.

Inayotukalisha ni Z32 ya mwaka 1989. Kihandisi hii ndiyo kazi yenye tamaa kubwa kuliko zote saba: turbo mbili, nguvu za farasi 300 katika toleo la Marekani, na mfumo unaogeuza kidogo hata magurudumu ya nyuma. Sura yake haiombi chochote kwa babu yake. Nimeiweka juu ya ndugu zake wengi kwa sababu ya ujasiri huo. Hata hivyo, kigezo chetu kinaidai jambo ambalo majaribio ya magazeti ya magari hayakuliuliza: nani atalifungua? Chini ya boneti ya Z32 mabomba, nyaya na turbo vimesongamana kiasi kwamba kazi ndogo hulazimisha kazi kubwa itangulie. Katika gereji ya kawaida ya Bukoba, yenye spana, jeki, taa ya mkononi na fundi hodari, injini ya 240Z ingesomeka kama ukurasa uliochapwa kwa herufi kubwa. Z32 ni hati iliyoandikwa kwa wino wa siri. Gari ambalo fundi hawezi kulifikia halifi kwa ajali. Hufa kwa kusubiri spea.

Mauzo ya Z32 Marekani yalikoma mwaka 1996, na uzalishaji wake Japani mwaka 2000. Hapo shina lilikufa. 350Z ya mwaka 2002 ni mche mpya katika shimo la zamani, na uzuri wake ni kwamba haukujificha. Ilikuwa fupi, nene, yenye injini ya lita 3.5 isiyo na turbo, na haikuiga taa wala mkia wa babu. Ekseli zake zilitenganishwa kwa milimita 2,650. 370Z iliyoifuata ilizisogeza hadi 2,550, kama mwandishi anayerudia rasimu yake na kufuta sentensi iliyozidi. Kwa mhakiki, marekebisho hayo ya milimita 100 yana thamani kuliko ongezeko lolote la nguvu, kwa kuwa yanaonyesha mtunzi aliyejisoma.

Z ya 2022 ni suala jingine. Ina injini ya lita 3.0 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400, uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na umbali uleule wa ekseli wa 370Z. Juu ya mwili huo wameweka taa za mbele zinazokumbusha 240Z, paa linaloteremka kama la 240Z, na alama ya Z ubavuni kama ya 240Z. Katika istilahi zetu huu ni mwingilianomatini, na mwingilianomatini si kosa. Fasihi yote huishi kwa kunukuu. Lakini nukuu hupimwa kwa kile inachokisema upya. Nukuu hii inasema tu kwamba babu alikuwa mzuri. Haisemi alifanya nini. Gia ya mkono yenye hatua sita iliyobakizwa ndiyo sehemu pekee ambapo gari hili linamkumbuka babu kwa tendo.

Mtu anaweza kujibu kwamba hakuna awezaye kutengeneza tena gari la spoti kwa ajili ya matope ya Muleba, na kwamba soko haliko huko. Pingamizi hilo lina ukweli wa kibiashara. Hapa kwetu ushuru humlemea mwenye kuagiza injini kubwa na gari kuukuu, na Z hukutana na masharti yote mawili. Lakini uhakiki haulazimiki kuuliza nani atanunua. Unalazimika kuuliza sifa ilitoka wapi. Kila tangazo la Z mpya hutumia heshima ambayo sehemu yake ilichumwa katika udongo mwekundu wa Afrika Mashariki, na Mehta, aliyefariki mwaka 2006, huonekana katika historia hizo kama tanbihi.

Jina limepata wajukuu sita. Violet ya 1979, ambayo ndiyo iliyoendelea na kazi ya 240Z katika barabara zilezile na mikononi mwa dereva yuleyule, haijapata hata mmoja wa kubeba jina lake kwa heshima hiyo. Kama ingepata, ingeonekana kama Probox inayopanda Kamachumu sasa hivi ikiwa na abiria saba na mkungu wa ndizi juu ya paa.